Eneo la Duara na la Vipande Vyake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yamelengwa kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, mzazi anayesaidia kazi za nyumbani, na fundi aliyesahau kanuni lakini kazi iko mbele yake. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lako, ila jibu la swali la pili ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo ni vyema kulisoma kwanza.

Ni maneno gani ninayopaswa kuyafahamu kabla ya kuanza?

Umbali kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni huitwa nusukipenyo, nasi tutauandika kwa herufi r. Umbali wa kulivuka duara kutoka ukingo hadi ukingo kwa kupitia kitovuni ni kipenyo, na urefu wa ukingo wote ukiuzungusha ni mzingo. Sehemu ya ukingo ni tao. Mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili za ukingoni ni kordi, nayo si lazima ipite kitovuni.

Vipande viwili ndivyo vinavyochanganywa sana. Chapati ikikatwa kwa visu viwili vinavyokutana katikati, kinachotoka ni sekta. Ikikatwa kwa kisu kimoja kilichonyooka, pembeni, bila kugusa katikati, kinachotoka ni segimenti. Sekta ina pande mbili nyoofu na tao moja, ilhali segimenti ina kordi moja na tao moja. Anayekosea hapa hukosea hesabu yote hata kama kuzidisha kwake ni sahihi.

Jambo la mwisho ni alama ya r². Maana yake ni r mara r, wala si r mara mbili. Nusukipenyo kikiwa 7, r² ni 49. Jibu la 14 ni kosa ambalo mwalimu yeyote wa hisabati amelisahihisha mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Kwa nini eneo la duara ni π × r²?

Chukua kitanga cha ukili, ule mkeka mdogo wa duara unaoshonwa kwa kuuzungusha ukili kutoka katikati hadi ukingoni. Tuseme kwamba kila mzunguko ni pete inayojitegemea. Sasa shika mkasi, kata mara moja tu kutoka ukingoni hadi kitovuni, kisha zinyooshe pete zote na uzipange moja juu ya nyingine. Pete ya nje, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, inalala chini kabisa, ile inayoifuata inalala juu yake ikiwa fupi kidogo, na hivyo hivyo hadi kufikia kile kipande cha katikati ambacho hakina urefu wa kutajika. Kadiri ukili unavyokuwa mwembamba ndivyo kingo za rundo hilo zinavyozidi kunyooka, na umbo linalopatikana ni pembetatu.

Kitako cha pembetatu hiyo ni mzingo wa duara, na kimo chake ni nusukipenyo. Kwa kuwa eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, basi:

Eneo la duara = ½ × mzingo × r

Mzingo wenyewe ni 2 × π × r, kwa sababu π si kitu kingine ila idadi ya mara ambazo kipenyo kinaingia katika mzingo. Weka hilo mahali pake, nusu na mbili zifutane, nawe unabaki na π × r × r.

Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba eneo la duara ni sawa na la pembetatu mraba ambayo upande mmoja wa pembe mraba yake ni sawa na mzingo na mwingine ni sawa na nusukipenyo. Maoni yangu ni kwamba maelezo hayo yanafaa kushikwa kuliko π × r² yenyewe, kwa sababu, kama tutakavyoona, yanafanya kazi pia pale ambapo duara halijakamilika.

Je, nitumie 22/7 au 3.14?

Katika mtihani, tumia ile uliyoelekezwa. Kama hukuelekezwa, tazama nusukipenyo: kikiwa 7, 14, 21 au 35, mtunga swali amekusudia utumie 22/7 ili saba zifutane. Duara lenye r ya sentimita 7 linatoa 22/7 × 49, yaani sentimita za mraba 154, bila desimali yoyote.

Nje ya mtihani, watu wengi huamini kwamba 3.14 ni sahihi zaidi kwa kuwa ina desimali, na kwamba 22/7 ni makadirio ya watoto. Mambo ni kinyume. π ni 3.14159 na kuendelea. 22/7 ni 3.14286, ikiizidi kwa takriban 0.0013, na 3.14 inapungua kwa takriban 0.0016. Kwa hiyo 22/7 iko karibu zaidi na ukweli, ingawa kwa fundi anayepima kwa futi kamba tofauti hiyo haionekani. Archimedes ndiye aliyeonyesha kwamba π iko chini ya 3 na 1/7 na juu ya 3 na 10/71. Zu Chongzhi wa China, katika karne ya 5, alitoa 355/113, ambayo ni sahihi kwa tarakimu sita za desimali.

Wamisri walifanya kazi hii bila kuitaja π. Katika gombo la mafunjo lililonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, duara lenye kipenyo cha vizio 9 linapewa eneo la 64, yaani sawa na mraba wenye upande wa 8. Eneo lake halisi ni 63.62. Kwa kupimia mashamba na maghala, hilo si kosa la kumlaumu mtu.

Nimepewa kipenyo, au mzingo, badala ya nusukipenyo. Nifanyeje?

Kipenyo kigawe kwa mbili kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ukikiingiza kizima kizima katika kanuni, utapata eneo mara nne ya lile la kweli.

Mzingo ndio unaopatikana kirahisi kwa vitu ambavyo kitovu chake hakifikiki, kama vile shina la mti uliosimama au tangi lililofungwa. Zungusha futi kamba, chukua kipimo, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawa kwa 4 × π, ambayo ni takriban 12.57. Shina lenye mzingo wa mita 2.2 lina eneo la mkato la 4.84 ÷ 12.57, yaani mita za mraba 0.385.

Kipenyo kikiongezeka mara mbili, je, eneo nalo huongezeka mara mbili?

Hapana, huongezeka mara nne, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Anayetaka kubadilisha bomba la inchi moja kwa mabomba mawili ya nusu inchi, akidhani nusu na nusu ni moja, anapata nusu tu ya tundu alilokuwa nalo. Mabomba manne ya nusu inchi ndiyo yenye tundu sawa na moja la inchi moja, na hata hayo yatapitisha maji pungufu, kwa sababu maji yanasuguana na kuta nyingi zaidi. Vivyo hivyo, chapati yenye kipenyo cha sentimita 30 haiizidi ile ya sentimita 20 kwa nusu tu. Inaizidi hadi kuwa mara 2.25 yake, endapo unene ni uleule. Zidisha 30 kwa 30, gawa kwa 20 mara 20, nawe utaiona bila hata kuigusa π.

Eneo la sekta hupatikanaje?

Duara zima lina nyuzi 360. Sekta yenye pembe ya nyuzi 90 kitovuni ni robo ya duara, yenye nyuzi 60 ni sehemu moja ya sita, na yenye nyuzi 72 ni sehemu moja ya tano. Kwa hiyo gawa pembe kwa 360, kisha zidisha kwa π × r². Ile robo duara iliyochorwa kwenye kona ya uwanja wa mpira, yenye nusukipenyo cha mita 1, ina eneo la ¼ × 3.1416, yaani mita za mraba 0.785.

Ikiwa unaujua urefu wa tao lakini huijui pembe, usihangaike kuitafuta. Rudi kwenye kitanga. Kipande cha kitanga kikikunjuliwa nacho huwa pembetatu, ambayo kitako chake ni tao na kimo chake ni nusukipenyo:

Eneo la sekta = ½ × tao × r

Sekta yenye r ya sentimita 10 na tao la sentimita 12 ina eneo la sentimita za mraba 60. Hesabu imekwisha, na π haikuitwa.

Na segimenti je?

Segimenti haina njia ya mkato ya namna hiyo. Unatafuta eneo la sekta nzima, kisha unaondoa pembetatu iliyo kati ya kordi na kitovu. Mfano mzuri uko katika kila uwanja wa mpira: lile tao lililo mbele ya eneo la penalti.

Tao hilo ni sehemu ya duara lenye nusukipenyo cha mita 9.15, na kitovu chake ni alama ya penalti. Alama hiyo iko mita 11 kutoka mstari wa goli, nao mstari wa mbele wa eneo la penalti uko mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Kwa hiyo mstari huo, ambao ndio kordi yetu, uko mita 5.5 kutoka kitovuni.

Anza na pembetatu. Nusu ya kordi inapatikana kwa kanuni ya Pythagoras: 9.15² ni 83.72, ukiondoa 5.5², ambayo ni 30.25, unabaki na 53.47, na kipeuo chake cha pili ni 7.31. Eneo la pembetatu yote ni 7.31 × 5.5, takriban mita za mraba 40.2. Hapa hatuzidishi kwa nusu, kwa sababu tumetumia nusu ya kordi tayari. Hili nalisema waziwazi kwa kuwa wengi hupunguza mara mbili.

Kisha sekta. Kosini ya nusu ya pembe ni 5.5 ÷ 9.15, yaani 0.6011, na kikokotoo kinatoa nyuzi 53.05, kwa hiyo pembe nzima ni nyuzi 106.1. Duara zima lingekuwa na mita za mraba 263.0, ambalo pia ndilo eneo la duara la katikati ya uwanja, kwa kuwa nusukipenyo ni kilekile. Zidisha 263.0 kwa 106.1/360, upate 77.5.

Toa 40.2 kutoka 77.5. Kile kipande kilichojitokeza nje ya eneo la penalti kina mita za mraba 37.3.

Nina upinde wa juu ya mlango, sijui nusukipenyo wala pembe. Nitapimaje?

Hili ni swali la maseremala na mafundi wa vioo, hasa kwa milango na madirisha yenye upinde uliolala, yaani usiofika nusu duara. Vipimo viwili vinatosha: upana wa upinde, ambao ni kordi, na kimo cha upinde kutoka katikati ya kordi hadi kileleni.

Nusukipenyo kinapatikana hivi: zidisha upana kwa upana, gawa kwa mara nane ya kimo, kisha ongeza nusu ya kimo. Upana ukiwa sentimita 120 na kimo 20, unapata 14,400 ÷ 160, yaani 90, ukiongeza 10 inakuwa sentimita 100. Fundi akipigilia msumari mahali pa kitovu na kufunga uzi wa mita moja, ataweza kuuchora upinde wote. Kwa njia ya sekta na pembetatu, eneo la kioo kitakachojaza upinde huo ni sentimita za mraba 1,635.

Ipo pia njia ya haraka ya theluthi mbili: zidisha upana kwa kimo, kisha uchukue theluthi mbili. Kwa mfano wetu inatoa 1,600, ambayo ni pungufu kwa asilimia 2 hivi. Inafaa kukadiria bei ya kioo, lakini haifai kukikatia, na kadiri upinde unavyozidi kunyanyuka ndivyo inavyozidi kudanganya.

Eneo la pete, kwa mfano njia inayozunguka kisima, hupatikanaje?

Tafuta eneo la duara la nje, toa la ndani. Kisima kikiwa na nusukipenyo cha mita 3 na ukingo wa nje wa njia ukiwa mita 5 kutoka kitovuni, eneo ni π × (25 − 9), yaani 16π, takriban mita za mraba 50.3. Kosa lililozoeleka ni kutoa kwanza, 5 − 3, kisha kuzidisha 2 kwa 2 na π, jambo linalotoa mita za mraba 12.6 tu. Fundi anayenunua vigae kwa hesabu hiyo atarudi dukani mara tatu.

Tatizo halisi, hata hivyo, ni kwamba katikati ya kisima hakuna mahali pa kukanyaga ili kupima nusukipenyo. Hapo tumia futi kamba kwa namna hii: inyooshe kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, huku ikigusa tu ukuta wa kisima kwa pembeni. Chukua nusu ya urefu huo, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa π. Katika kisima chetu kamba ingesoma mita 8, nusu yake ni 4, na 4 × 4 × π ni 16π ileile. Sababu yake ni Pythagoras: nusukipenyo cha ndani, nusu ya kamba na nusukipenyo cha nje vinaunda pembetatu mraba, hivyo tofauti ya vipeo vya pili vya nusukipenyo viwili, yaani kila kimoja kikizidishwa kwa chenyewe, ndiyo hasa kipeo cha pili cha nusu ya kamba.

Mbuzi amefungwa kwa kamba kwenye kona ya nyumba. Anaweza kula majani ya eneo gani?

Swali hili hupendwa na watunga mitihani, na ugumu wake ni wa kuchora kuliko wa kukokotoa. Tuseme nyumba ni mita 8 kwa 6, kamba ni mita 10, na mbuzi yuko nje. Nyumba inaziba robo moja ya duara, kwa hiyo ana robo tatu ya duara la mita 10, yaani 75π. Akiambaa na ukuta wa mita 8 hadi mwisho wake, anabakiwa na kamba ya mita 2 ya kukunjia kona, na hapo anapata robo duara lenye eneo la π. Akiambaa na ukuta wa mita 6, anabakiwa na mita 4, robo duara lenye eneo la 4π. Jumla ni 80π, takriban mita za mraba 251.3.

Katika uwanja mtupu mbuzi huyo angekuwa na 314.2. Nyumba yenye eneo la mita za mraba 48 imemnyima karibu 63, kwa sababu haizibi tu mahali iliposimama, bali pia inaikunja kamba.

Kikokotoo kinanipa jibu hasi la segimenti. Kimeharibika?

Huenda kimewekwa katika radiani, ambazo ni kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Andika sini ya 60: kikikupa 0.866 kiko katika nyuzi, kikikupa −0.305 kiko katika radiani. Radiani si adui, kwani ukizitumia eneo la sekta ni ½ × r² × pembe, bila 360 yoyote. Ila usizichanganye na nyuzi katika hesabu moja.

Mita za mraba 1 ni sentimita za mraba 100, sivyo?

Sivyo. Ni 10,000, kwa kuwa kila upande una sentimita 100. Geuza vipimo vyote viwe vya aina moja kabla ya kuzidisha.

Je, kuna kipande chenye kingo za duara ambacho eneo lake halina π kabisa?

Kipo, nacho ni kizuri kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Chora robo duara yenye nusukipenyo cha sentimita 10, kisha uchore kordi inayounganisha ncha zake mbili. Kordi hiyo ni kipenyo cha nusu duara nyingine, ambayo uichore kwa nje. Kati ya matao mawili hayo, lile la robo duara na lile la nusu duara, kunabaki umbo la hilali.

Robo duara ina eneo la 25π. Kordi ina urefu ambao kipeo chake cha pili ni 200, kwa hiyo nusukipenyo cha nusu duara kina kipeo cha pili cha 50, na eneo la nusu duara nalo ni 25π. Maeneo hayo mawili ni sawa. Kila moja lina ile segimenti iliyo kati ya kordi na tao la robo duara. Iondoe kote kuwili: kwenye robo duara inabaki pembetatu yenye eneo la 50, na kwenye nusu duara inabaki hilali. Hilali basi ina sentimita za mraba 50 kamili.

Aliyeligundua hili ni Hippocrates wa Chios, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, naye huenda alitumaini kwamba baada ya hilali duara zima lingefuata, yaani kwamba kwa rula na bikari mtu angeweza kuchora mraba wenye eneo sawa kabisa na la duara. Tumaini hilo lilidumu zaidi ya miaka 2,000, hadi mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann alipothibitisha kwamba mraba huo hauwezi kuchorwa.